Mpaka wa kata umepita korongoni, mwanangu apite wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua huwa mnataka barua fupi, hii haitakuwa fupi, kama ni lazima mkate basi kateni hizi salamu, huko katikati msiguse.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya mjini, upande wa kuelekea Uyole. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya vumbi, nyuma yake kuna korongo la maji ya mvua, na nyumbani kwangu ni ng'ambo ya hilo korongo, unavuka kidaraja cha mbao ambacho kila mvua kubwa zikija kinaondoka na kila zikiisha vijana wanakirudisha. Korongo hilo ndo mpaka wa kata mbili. Ushuru wa kibanda nalipa huku, kura napiga kule, msiba ukitokea naenda kotekote, na hakuna aliyewahi kuniuliza we mama ni wa wapi mpaka lilipokuja suala la kidato cha kwanza.

Kata sizitaji na shule sizitaji. Watu wenyewe ni hawahawa wanaoniletea sketi nipunguze kiuno, na sijaandika ili mtu fulani aitwe ofisini.

Ukitaka kujua wazazi wanagombania nini usiende ofisi ya kata, we kaa kwa fundi wa sare mwezi wa 12. Mtihani wa la saba unafanyika Septemba, matokeo yanatoka, halafu TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, wanatoa majina ya nani kapangwa wapi, na kuanzia siku hiyo mpaka shule zinafunguliwa Januari mimi silali. Shule ya huku chini sketi zao ni bluu, ile ya kule juu kijani. Mzazi anakuja na kitambaa cha bluu, namwambia mama mbona mtoto wako kapangwa kijani, ananiambia we kata tu fundi, hilo linashughulikiwa. Linashughulikiwa! Wiki ya pili anarudi na kijani amenuna, anauliza hiyo bluu haiwezi kupunguzwa ikamfaa mdogo wake. Mwaka juzi nilikuwa na sketi sita za bluu zimening'inia kibandani hazina mwenyewe mpaka mwezi wa tatu, marinda nimeshapiga pasi, hela ya ushonaji sijalipwa, na wenye sketi wakipita barabarani wanaangalia upande wa pili.

Kwa msomaji asiyejua inavyokwenda, mtoto akifaulu la saba wale wa juu kabisa wanachukuliwa shule za vipaji, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala huko, wengine wanaenda ufundi kama Ifunda ya Iringa au Iyunga ya hapahapa kwetu, wengine bweni za kawaida, halafu waliobaki, yaani watoto wetu karibu wote, wanapangwa shule za kutwa. Na kwa huku kwetu shule ya kutwa mtoto anapangwa kufuatana na shule ya msingi aliyosoma iko kata gani. Sikiliza vizuri hapo, siyo anapolala, ni aliposoma la saba. Mtoto anaweza kuwa anaisikia kengele ya sekondari akiwa kitandani kwao na bado akapangwa nyingine kule mlimani kwa sababu shule yake ya msingi ilikuwa upande ule wa korongo.

Hapo ndo ujanja unapoanzia. Wanaojua mambo wanamhamisha mtoto akiwa la tano au la sita, wanampeleka shule ya msingi ya upande wenye sekondari nzuri, wengine wanatafuta barua kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba mtoto anaishi kwa shangazi yake. Kuna mtaa mmoja huku ukihesabu watoto wanaoishi kwa mashangazi utadhani wazazi wa Mbeya tumekwisha wote. Simlaumu mtu, mzazi ni mzazi. Lakini wale wasiojua, wale wanaoshinda sokoni au wanaoamkia shambani kwenye viazi na kurudi giza, wao wanakuja kushtuka Desemba majina yakishabandikwa, na ndo hao wanaoenda kupiga kelele kwenye mkutano na kuonekana wakorofi.

Sasa nirudi nyuma kidogo maana hili jambo lina mizizi, na wengi wanaolisemea kwenye mikutano walikuwa bado hawajahamia huku.

Mpango wa sekondari ule wa MMES ulianza 2004, lakini vuguvugu lenyewe la shule za kata sisi tulilisikia 2006, Lowassa akiwa Waziri Mkuu, kila kata ilitakiwa iwe na sekondari yake na hakukuwa na mjadala. Mimi nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, nimesomba mawe ya msingi kutoka huku korongoni na mimba hiyohiyo, maji tulibeba kwa ndoo, kila kaya na mchango wake, asiyetoa mgambo anapita nyumbani anachukua kuku. Baadaye ikaja ya maabara enzi za Kikwete, tukachanga tena. Kwa hiyo shule ya huku chini, hii ya sketi za bluu, msingi wake una mawe yangu na ya mume wangu na ya majirani wa pande zote mbili za korongo, maana wakati ule ilikuwa kata moja. Halafu kata ikagawanywa. Nasikia ilikuwa kubwa mno, sawa, na walipotafuta mpaka wakaona korongo hilo hapo, tayari Mungu ameshachora, wakapitisha kalamu. Asubuhi tukaamka shule tuliyoijenga iko kata nyingine na sisi hatuna.

Hakuna aliyelia siku hiyo. Watu walifurahia kupata diwani wao.

Kilio kilianza 2016, elimu ilipokuwa bila ada. Ada ya kutwa ilikuwa elfu 20 kwa mwaka, ikaondolewa, watoto wakajaa na ndivyo ilivyotakiwa, mtoto aliyekuwa anabaki nyumbani kwa kukosa elfu 20 akaenda shule. Na mji wenyewe haukukaa kusubiri. Sensa ya 2012 Jiji la Mbeya lilikuwa na watu laki 3 na elfu 85, ya 2022 tukawa laki 5 na elfu 41, miaka kumi tu. Huku kwetu palipokuwa na mashamba ya mahindi sasa hivi kuna nyumba mpaka ukingoni mwa korongo. Madarasa yamejengwa, nisiseme uongo, zile hela za UVIKO, yaani za korona, za mwaka 2021 zilizojenga madarasa elfu 15 nchi nzima na sisi zilitufikia. Lakini kiwango ni watoto 40 kwa darasa na shule ya huku chini ilikuwa na themanini na kitu, wengine wanakaa watatu kwenye dawati la wawili na fundi naijua hiyo bila kuambiwa, sketi zinachanika ubavuni palepale kwenye mshono.

Sasa hapa Mhariri nafika pale ambapo sipapendi.

Januari 2021 mwanangu wa kwanza alipangwa shule ya huku chini. Alipangwa kwa sababu la saba alisomea shule ya msingi ya huku, karibu na kibanda changu, ilikuwa rahisi, mchana anakuja anakula viazi na chai anarudi darasani. Ukaitishwa mkutano wa wazazi, agenda madawati na chakula cha mchana, kila mzazi debe la mahindi na maharage kilo tano, sijui na hela ya mpishi. Kabla hata hatujafika kwenye mahindi mzee mmoja akasimama akasema shida siyo madawati, shida ni watoto wa ng'ambo, watoto wa kata nyingine wamejaa humu na shule yao waijenge kwao. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikasimama. Mimi ninayelala ng'ambo, nikasema kila mtu abaki kwake, sisi tuliosomba mawe watoto wetu wanakaa chini na waliokuja juzi wanakaa kwenye viti. Nilishangiliwa sana. Kuna mama mmoja alikuwa amekaa karibu na mlango, ana mtoto mgongoni, alihamia ng'ambo mwaka uliotangulia, akanyanyuka akafunga kanga yake vizuri akatoka. Nilimwona. Nikaendelea kuongea.

Mama huyo ni mteja wangu mpaka leo. Hajawahi kulisema na mimi sijawahi kumwomba radhi, namshonea kwa bei pungufu tu na yeye hajui kwanini, au anajua.

Nimelieleza hili ili wale watakaosema huyu mama analalamika kwa kuwa yamemkuta wasijisumbue, nimeshasema mwenyewe. Yamenikuta. Mwanangu wa pili, wa kike, amesoma shule ya msingi ya kule ninakolala, ilikuwa mpya na iko karibu na bibi yake, nikaona afadhali. Nikajifunga mwenyewe. Maana kata yetu sasa ina sekondari yake, ilijengwa kwa hela za SEQUIP, ule mradi wa serikali wa kuboresha sekondari, lakini eneo la kujengea lilipatikana mbali kule juu, pembeni kabisa ya kata, kwa sababu huku katikati watu walishajenga nyumba na hakuna aliyekuwa tayari kuvunjiwa. Ndo hiyo ya kijani.

Nilienda kuiona kwa miguu, peke yangu, Jumapili baada ya ibada. Shule nzuri kwa macho. Vigae, madirisha ya aluminiamu, maabara ina masinki yanayong'aa, nikasema mwe, sisi tulibeba mawe wenzetu wameletewa. Mlinzi akaniambia maji yenyewe hayajapanda huko, bomba limefungwa halitoi, watoto wanakuja na madumu ya lita tano kutoka makwao. Mwalimu wa hesabu alikuwepo mmoja akahama, wa fizikia hajawahi kufika. Kwa hiyo masinki yanang'aa kwa sababu hayajatumika. Ni kama uninunulie jumba la ghorofa la kushonea halafu cherehani usilete. Wazazi wanaoikimbia shule ile wanaitwa wanabagua, wengine wanasema tunaringa, mimi nasema nenda kaulize mtoto wa kidato cha pili amefundishwa hesabu na nani mwaka mzima.

Hebu nizungumzie njia, maana kwenye mkutano ukitaja umbali unaambiwa zamani sisi tulitembea kilometa kumi. Kutoka getini kwangu mpaka shule ya huku chini ni dakika kumi na moja, nimepima kwa simu, na hapo nilikuwa na mzigo. Kutoka getini kwangu mpaka ile ya juu ni dakika hamsini na tano kwenda, na katikati unavuka barabara kuu ya Tunduma. Anayeijua barabara hiyo simwelezi, malori usiku na mchana, na sasa hivi inapanuliwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilometa 29, kazi nzuri tu na tuliiomba wenyewe, lakini kwa sasa ni vumbi, michepuko na malori yasiyojua yapite wapi, na mtoto wa miaka kumi na tatu anatakiwa avuke hapo saa kumi na mbili asubuhi kwenye ukungu wa mwezi wa sita ambao hata mkono wako huuoni.

Apande gari? Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200, konda akiona sare anasema gari imejaa huku viti vinaonekana, lakini tuseme kampandisha, daladala yenyewe haipandi kule shuleni. Inapanda bajaji. Na bajaji haina nauli ya mwanafunzi. Mia tano kwenda, mia tano kurudi, siku tano, ni elfu tano kwa wiki, elfu 20 kwa mwezi. Ada tuliyofutiwa ilikuwa elfu 20 kwa mwaka. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea sifuri.

Asiyekuwa na elfu 20 mtoto anatembea. Wa kiume ataloa, atachelewa, atachapwa, atazoea. Wa kike kuna la zaidi. Jioni saa kumi na moja anateremka peke yake, kijana wa bodaboda anasimama anasema panda nikupeleke bure, kesho bure, keshokutwa na chipsi mayai juu, na mimi sitaki kuendelea kwa sababu kila mzazi wa Mbeya mwenye binti anajua hadithi hiyo inapoishia, nimeshazishona sketi za kupanua kiuno katikati ya muhula, mama analeta haongei, mimi napokea siulizi.

Mdogo wangu ameolewa Kilolo huko Iringa. Nilipomsimulia alinicheka, kwao kata moja ni milima mitatu na mtoto anayesoma mbali anapangiwa geto, watoto wanne chumba kimoja wanapika wenyewe, wazazi wanapeleka unga Jumapili. Anasema nyie wa mjini dakika hamsini na tano mnaandika gazetini! Ni kweli, wao wana shida kuliko sisi, sikatai. Lakini kwao umbali ni wa milima, hakuna shule nyingine katikati. Huku kwetu mtoto wa jirani anatoka nyumbani, anaipa mgongo shule ya dakika kumi na moja na kwenda ya dakika hamsini na tano, na njiani anapishana na mtoto wa mwenzangu ambaye nyumba yao iko kulekule juu karibu na shule mpya lakini la saba alisomea huku chini, naye anateremka kuja kwenye bluu. Wanapishana pale kwenye mchepuko wa barabara kila asubuhi, mmoja bluu mmoja kijani. Wanasalimiana. Mimi nawashonea wote wawili.

Nilimfuata mkuu wa shule ya huku chini, sikwenda kwa ugomvi, nilikwenda na sweta ya mtoto wake niliyokuwa nimeitengeneza. Nikamuuliza kwanini hao wawili wasibadilishane tu nafasi, idadi inabaki ileile, hakuna dawati linaloongezeka wala kupungua. Akacheka akaniambia mama, ungekuwa afisa elimu ningefurahi, mimi majina naletewa. Kumhamisha mtoto mmoja inabidi shule anayotoka ikubali, anayokwenda iseme ina nafasi, ofisi ya elimu ipitishe, na wakati huo mtoto anatakiwa awe amesharipoti kule alikopangwa, kwa hiyo sare ya kijani lazima ishonwe kwanza. Nikamwambia mwalimu basi mimi ndo ninayefaidika peke yangu. Akasema naona hivyo.

Na kuna njia ya mkato, nayo sote tunaijua. Kuna mtu wa ofisini nisimtaje alimwambia jirani yangu aandae shukrani kidogo. Jirani aliandaa. Mtoto wake bado yuko kijani na shukrani haijarudi.

Jambo linaloniuma zaidi ni namna tulivyogeuziana vibao sisi kwa sisi. Wa huku chini wanawaita wa ng'ambo wavamizi. Wa ng'ambo wanawaita wa huku wachoyo. Kwenye kikoba chetu cha wanawake, tuliokuwa tunakutana kila Alhamisi, wawili walitoka mwaka juzi kisa maneno ya mkutano wa shule, mmoja alimwambia mwenzake mwanao anakalia kiti cha mwanangu. Kiti! Msiba wa mama mkwe wa mmoja wao ulipotokea mwenzake hakwenda kupika. Kwa Mbeya mtu akikosa kuja kupika msibani ujue limeshafika kwenye mfupa. Wenye uwezo hawapo kwenye ugomvi huu, wao watoto wao wanapitiwa na basi la njano asubuhi wanapelekwa shule za kulipia, tunawaona tu vichwa dirishani. Tunaogombana ni wauza ndizi na mafundi cherehani na waendesha bajaji, na tunachogombania hatukukipanga sisi.

Na mpaka siyo kitu kinachoshindikana kusogezwa. Mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi ililigawa jimbo la Mbeya Mjini likazaliwa jimbo la Uyole, sisi huku tukaambiwa mko hapa na wale wako pale, ikachorwa ikatangazwa na ilipofika siku ya kura kila mtu alijua kituo chake, hata bibi yangu asiyesikia vizuri alijua. Kwa kura ramani inachorwa mpaka mtaa kwa mtaa. Kwa mtoto wa darasa la saba tunaambiwa haiwezekani, mpangilio unafuata kata. Jiji hili lina kata 36, sidhani kama kila moja ina korongo lake, lakini wateja wangu wanatoka pande nyingi na malalamiko ni hayahaya, tofauti ni rangi ya kitambaa tu.

Mimi siyo mtaalamu, lakini nina futi ya kupimia shingoni miaka yote hii na mtoto akija nampima yeye, sichukui vipimo vya dada yake aliyekuja mwaka jana. Mwenyekiti wa kila mtaa ana daftari la wakazi, anajua nani anakaa wapi na mtoto wa nani yuko la saba, na kama hajui mabalozi wa nyumba kumi wanajua. Basi mwezi wa tisa hapo watoto wakishafanya mtihani, kata mbili zinazopakana zikae pamoja, watendaji, maafisa elimu kata na wakuu wa shule, waseme mtaa huu na huu uko karibu na shule ile hata kama ni kata nyingine, orodha ipelekwe juu kabla majina hayajapangwa siyo baada. Na wakitaka kujua kipi ni karibu waje waitembee hiyo njia, wasipime kwenye ramani, ramani haina malori. Kidaraja cha korongoni kijengwe cha zege kwa sababu watoto wa kwetu watakipita. Na ile shule ya juu ipelekewe walimu wa hesabu na sayansi na maji, kwa sababu ukweli ni kwamba hata ukichora mpaka vizuri namna gani, kama shule moja ina mwalimu na nyingine haina, mashangazi hawataisha.

Najua mtu atasema na mawe je. Wale tuliosomba mawe. Nimelifikiria sana hilo maana ndo nililosimamia siku ile. Mawe tuliyabeba tukiwa kata moja, nayo hayajui kama tuligawanywa. Mwanangu wa kwanza amesoma pale akamaliza kidato cha nne, kapata alichopata, mawe yangu yameshalipa. Siwezi kuyadai mara mbili, na siwezi pia kumwambia mama aliyehamia juzi kwamba mtoto wake atembee dakika hamsini na tano kwa sababu mwaka 2006 yeye alikuwa anaishi Chunya.

Kinachonifanya niandike sasa hivi na siyo mwakani ni hili. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inaishia la sita. Mwaka 2027 watamaliza la saba na watamaliza la sita, wote kwa pamoja, na Januari 2028 wote hao wanaingia kidato cha kwanza. Mafungu mawili kwa mpigo. Mwanangu wa mwisho yumo humo. Kama kwa fungu moja tumeshaacha kupikiana misibani, mimi sielewi Desemba ile ya 2027 mkutano utafanyikia wapi na nani atakuwa mwenyekiti. Huko juu wanajua, wamesema madarasa yanajengwa, sawa. Lakini madarasa yakijengwa kule juu mlimani kwa sababu ndo eneo lilipopatikana, na majina yakapangwa kwa kufuata korongo, tutakuwa tumejenga foleni ndefu zaidi ya kuvuka barabara.

Majina ya mwaka huu bado hayajatoka. Nimenunua vitambaa vya rangi zote mbili pale sokoni Mwanjelwa, mita zangu nimezipima za wateja na za huyu wangu. Za wateja nimeanza kukata wale walio na uhakika. Cha kwangu kipo kwenye mfuko chini ya meza, bluu na kijani, kila jioni binti anauliza mama unakata lini, namwambia lete chai kwanza.

Fundi cherehani na mzazi,
Mbeya